Setilaiti isiyouza kitu: nani anailipia?

Swali: "Mimi ni fundi wa madishi hapa Morogoro. Juzi mwanafunzi mmoja wa chuo aliniita nimfungie dishi. Nilipomwuliza king'amuzi kiko wapi, akanionyesha kompyuta na kidude cha USB. Alitaka setilaiti ya Qatar ya watu wa redio za ridhaa, wale wanaowasiliana kwa redio kwa kujifurahisha na kujifunza tu, akasema hailipiwi hata senti na mtu yeyote anaweza kuisikiliza. Tukafunga, na kweli tukasikia watu wakiongea. Lakini nimebaki na maswali. Setilaiti ni mabilioni. Nani anatoa pesa hizo, na anapata nini? Si ujasusi huu? Na sisi tukitaka ya kwetu ya namna hiyo, tuanzie wapi?"

Jibu: Wasiwasi wako una msingi, fundi. Chombo kilichokaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta kina mwenyewe, na mwenyewe hakukiweka pale kwa huruma. Tuanze na hicho hicho ulichokielekezea dishi, maana ndicho kinachoonyesha vizuri pesa zinapitia wapi.

Jina lake la kazi ni Es'hail-2, mali ya kampuni ya setilaiti ya Qatar, Es'hailSat. Ilirushwa kutoka Florida tarehe 15 Novemba 2018 kwa roketi ya Falcon 9, ikawekwa karibu digrii 26 mashariki, jirani kabisa na zile Badr za Arabsat. Shughuli yake ya kila siku ni biashara: televisheni na mawasiliano ya intaneti kwa wateja wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Hao wateja ndio wanaolipa. Ila wakati setilaiti ingali kwenye michoro, chama cha redio ya ridhaa cha Qatar kiliomba kitengewe nafasi ndani yake. Chama hicho kinaongozwa na Abdullah bin Hamad Al Attiyah, mtu aliyewahi kuwa waziri wa nishati na naibu waziri mkuu wa nchi hiyo, na mwenyewe ana leseni ya redio ya ridhaa. Unaweza kukisia kwa nini ombi halikukaa mezani muda mrefu. AMSAT-DL, chama cha setilaiti za ridhaa cha Ujerumani, kikasaidia upande wa ufundi, na Mitsubishi Electric ya Japani ikaunda chombo. Wanaridhaa wakapata transponda mbili, yaani vifaa vya kupokea mawimbi na kuyarudisha ardhini: moja nyembamba ya sauti, Morse (herufi za milio mifupi na mirefu) na data, nyingine pana ya picha za televisheni. Wao huiita QO-100.

Kwa hiyo hakuna mfuko unaoitwa "pesa za QO-100". Gharama ya hizo transponda imemezwa ndani ya bajeti ya setilaiti ya biashara, ambayo ingerushwa hata kama wanaridhaa wasingekuwepo duniani. Nionavyo mimi, Qatar ilipata sifa kubwa kwa gharama ndogo: nchi yake ndiyo ya kwanza kuweka transponda ya ridhaa kwenye obiti inayotulia juu ya sehemu moja ya ikweta, jambo ambalo wanaridhaa walikuwa wameliota kwa miongo.

Kudandia huku hakukuanzia Doha. Mwaka 1959 mwanaridhaa wa Marekani, Don Stoner, aliandika kwenye jarida la CQ, nusu utani, akiuliza kama kuna mtu mwenye roketi ya ziada. Wenzake wa California wakalichukua lile swali kwa uzito. Tarehe 12 Desemba 1961 OSCAR 1 ilipaa kutoka Vandenberg ikiwa imedandia roketi iliyobeba Discoverer 36, setilaiti ya serikali ya Marekani. Ilikuwa na uzito wa kilo nne na nusu hivi, na ilikaa mahali ambapo pangewekwa chuma cha kusawazisha uzito. Waliiunda kwa mikono yao, nje ya saa za kazi, vifaa vingi vikiwa vya kupewa. Springi ya kuisukuma itoke kwenye roketi ilinunuliwa katika duka la kawaida kwa dola moja na senti chache.

Ndani hamkuwa na kitu kingi. Ilirusha herufi mbili za Morse, HI, mfululizo, kwa nguvu ya wati 0.14, ndogo kuliko ya redio ya mlinzi wa getini. Lakini kulikuwa na ujanja: kasi ya herufi hizo ilibadilika kufuata joto la ndani ya setilaiti. Aliyekaa na saa mkononi, akahesabu HI ngapi zimepita katika muda fulani, alikuwa amepima joto la chombo kilicho angani. Zaidi ya watu 570 katika nchi 28 walituma taarifa za kuisikia, katika muda wa wiki tatu hivi iliyoishi.

Ukitazama hesabu ya OSCAR 1 utaona umbo la hesabu za karibu zote zilizofuata. Kazi ya mikono haikulipwa. Vifaa vilichangwa. Pesa taslimu ilikuwa kidogo. Na sehemu iliyo ghali kuliko zote, roketi, ilikuwa imekwisha kulipiwa na mtu mwingine kwa sababu zake mwenyewe. Mwaka 1969 wanaridhaa wa Marekani waliunda AMSAT, chama kisicho cha faida, na vyama vya namna hiyo vikatokea Ujerumani, Uingereza, Japani na kwingineko. Ada za wanachama na michango ndiyo damu yao. Ada hizo zinatosha kununua vifaa na kulipia maabara ya kutikisa na kupasha joto chombo kabla hakijarushwa. Kununua roketi hazijawahi kutosha.

Na anayepanda bure hachagui dereva. Kwa nini mashirika ya anga yalikubali kuwabeba? Mara nyingi ni kwa sababu roketi ilikuwa ya majaribio, na hakuna mteja mwenye akili timamu angeweka mali yake humo. Ndivyo wanaridhaa walivyopata nafasi kwenye safari ya pili ya roketi ya Ulaya, Ariane, tarehe 23 Mei 1980. Chombo chao, Phase 3A, kilikuwa kikubwa na cha kisasa kuliko vyote walivyowahi kuunda, matunda ya miaka ya jioni na mwisho wa juma za watu wa Ujerumani na Marekani. Roketi iliharibika, na vyote vikaishia baharini karibu na Guyana ya Kifaransa. Wakaanza upya. Mwaka 1983 mwenzake, AO-10 (AO ni kifupi cha AMSAT-OSCAR), alifika.

Baadaye wakapandisha dau. AO-40, iliyorushwa Novemba 2000 na Ariane 5, ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 600, na ilichangiwa na wanaridhaa wa nchi nyingi kwa muda wa takribani muongo mzima. Wiki chache tu baada ya kufika, hitilafu kwenye mfumo wa injini yake iliiumiza vibaya. Ikanyamaza, ikafufuliwa siku ya Krismasi, ikafanya kazi kwa sehemu tu ya uwezo wake, na Januari 2004 betri zikaimaliza. Sijui kama kuna jambo lililobadili historia ya michango ya ridhaa kuliko hilo. Mtu aliyetoa dola mia kwa ajili ya AO-40 hakuwa na haraka ya kutoa mia nyingine. Wajerumani walijenga nyingine, P3-E, na haijarushwa kamwe, kwa sababu lifti za bure za mizigo mikubwa zimekwisha. Nafasi iliyokuwa ikijazwa chuma cha kusawazisha sasa ina bei kwenye orodha. Mwaka 2019 SpaceX ilitangaza kubeba hadi kilo 200 kwa dola milioni 1. Kwa kampuni ya biashara ya setilaiti ilikuwa bei nafuu ajabu. Kwa chama kinachoishi kwa ada za wastaafu na mafundi, ilikuwa ukuta.

Kilichowaokoa ni udogo. Mwaka 1999 Jordi Puig-Suari na Bob Twiggs, walimu wa vyuo viwili vya California, walibuni kiwango cha CubeSat: mchemraba wa sentimita 10 kila upande, wenye uzito wa kilo moja hivi. Kitu cha ukubwa huo kinaweza kupachikwa karibu popote. Na hapa, fundi, ndipo swali lako la pili, la faida, linapoungana na la kwanza. Anayetoa lifti siku hizi anatoa kwa masharti, na masharti ndiyo yanayoipa setilaiti kazi yake.

NASA ina mpango wa kubeba CubeSat bila malipo, lakini uonyeshe elimu au utafiti. Kwa hiyo AMSAT ilipoandaa AO-91, iliyorushwa Novemba 2017, ilibeba pamoja na redio ya wanaridhaa jaribio la Chuo Kikuu cha Vanderbilt la kupima mionzi inavyoathiri vifaa vya elektroniki. Chuo kilipata data, wanaridhaa wakapata kituo cha kurudia sauti. Waingereza walifanya waziwazi zaidi na FUNcube-1 ya mwaka 2013, iliyochangiwa na wanachama wa AMSAT-UK na mfuko wa hisani wa redio wa nchini mwao. Iliundwa ili ikiwa juani irushe takwimu zake kwa nguvu kwenye MHz 145.935 ili mwalimu wa fizikia aonyeshe darasani joto na umeme wa chombo kinachopita juu ya shule. Ikiingia kwenye kivuli cha dunia, igeuke kuwa transponda ya wanaridhaa. Mchana ya watoto, usiku ya wazee. Sijaona mahali pengine ambapo makubaliano ya wafadhili yameandikwa wazi hivyo ndani ya programu ya setilaiti yenyewe.

Sasa ujasusi. Kanuni za Redio za ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, zinaeleza huduma ya ridhaa kuwa ni ya kujifunza, kuwasiliana na kuchunguza mambo ya ufundi, kwa lengo binafsi na bila maslahi ya kifedha. Kanuni hizo hizo zinakataza kuficha maana ya ujumbe katika mawasiliano ya ridhaa ya kimataifa. Kinachoruhusiwa kufungwa kwa siri ni amri za kuiongoza setilaiti yenyewe, ili asitokee mtukutu akaizima. Jasusi gani atachagua masafa ambayo kila neno lazima liwe wazi, na maelfu ya watu duniani wanakaa macho kuyasikiliza kwa starehe tu?

Katazo la biashara ndilo pia linalojibu kwa nini haziuzi kitu. Zikiuza, zinapoteza haki ya masafa. Na masafa, fundi, ndiyo mali halisi hapa. Kipande cha MHz 435 hadi 438, ambacho setilaiti nyingi za ridhaa hukitumia, si mali ya wanaridhaa peke yao. Wamo kama wageni wasiotakiwa kuwasumbua wenye nyumba. Kila kampuni ya simu na kila jeshi lina hamu na masafa. Mkutano wa ITU unapokaa, chama cha kimataifa cha wanaridhaa, IARU, huenda kutetea vipande vyao, na hoja yao haina nguvu kama angani hakuna kitu. Baadhi ya michango ninayoijua hutolewa kwa sababu hiyo tu: kukikalia kiwanja kisichukuliwe. Si sababu ya kishujaa, lakini ni ya kweli.

Faida kwa watu wengine ipo pia, na imewahi kuwa kubwa. AO-6 ya mwaka 1972 na AO-7 ya mwaka 1974 zilitumika katika majaribio yaliyoonyesha kwamba setilaiti ndogo inayopita inaweza kukadiria mahali alipo mtu anayerusha ishara ya dharura, kwa kupima jinsi masafa yanavyopanda na kushuka inapomkaribia na kumwacha. Kutokana na kazi za namna hiyo ukaja mfumo wa COSPAS-SARSAT, ambao leo hupokea miito ya vyombo vya majini na ndege zilizopata ajali. Chuo Kikuu cha Surrey kiliunda UoSAT-1, iliyorushwa mwaka 1981, chini ya Martin Sweeting, mwanaridhaa, na NASA ikaibeba bure. Kutoka kwenye maabara ile ilizaliwa kampuni ya SSTL, ambayo baadaye iliunda setilaiti za serikali, zikiwemo za Algeria na Nigeria. Katika setilaiti za Surrey yalijaribiwa pia mawasiliano ya kuhifadhi na kupeleka: chombo kinapokea barua kikipita juu yako, kinaibeba, kinaishusha upande wa pili wa dunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika la SatelLife, lililoanzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown, lilitumia njia hiyo kuwaunganisha madaktari wa Afrika, wa Afrika Mashariki wakiwemo, wakati ambapo simu ya nje ilikuwa anasa. HealthSat-2 ya mwaka 1993, iliyofanya kazi hiyo, haikuwa ya ridhaa, lakini mbinu ilikuwa imekomaa mikononi mwa wanaridhaa.

AO-7 niliyoitaja ina kisa chake. Ilikufa mwaka 1981 betri zilipopiga shoti. Juni 2002 ikasikika tena: shoti ile ilikuwa imeachia, na umeme wa paneli za jua ukaweza kufika moja kwa moja kwenye redio. Tangu hapo huwaka ikiwa juani na kuzimika ikiingia gizani. Ilirushwa tarehe 15 Novemba, kama Es'hail-2, miaka 44 kabla. Hakuna aliyeigharamia tena, na watu wameendelea kuitumia.

Kuhusu sisi: majirani wameshapita njia hiyo, na inafaa kutazama walivyolipa. 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilitolewa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 11 Mei 2018 kupitia KiboCUBE, mpango wa Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani, JAXA, unaozipa nchi zinazoendelea nafasi hiyo bila malipo. Wataliano wa Chuo Kikuu cha Sapienza walishirikiana nao. Ilitangaza kwenye masafa ya ridhaa. PearlAfricaSat-1 ya Uganda na ZIMSAT-1 ya Zimbabwe ziliundwa na wahandisi vijana wa nchi hizo waliokuwa wakisoma Kyushu Institute of Technology, Japani, zikatolewa kituoni hapo Desemba 2022, nazo zilikuwa na kifaa cha kuwahudumia wanaridhaa. Taifa-1 ya Kenya, iliyorushwa Aprili 2023, ni kitu kingine. Hiyo ni ya kupiga picha za ardhi, serikali iliilipia, na gharama iliyotajwa ilikuwa shilingi milioni 50 za Kenya.

Wanaridhaa wa zamani hunung'unika kuhusu setilaiti za vyuo. Wanasema vyuo huchukua masafa yao kwa sababu IARU haitozi ada ya kuyaratibu, na kwa sababu watu wa dunia nzima huwakusanyia takwimu bure, halafu setilaiti yenyewe haina chochote cha mwanaridhaa kutumia. Wana haki kwa kiasi fulani. Mimi ningesema chuo chetu kikitaka kurusha, kiweke transponda ndogo au hata kituo cha kurudia ujumbe, ili anayewasikilizia naye apate kitu.

Lakini kuanzia kwenye setilaiti ni kuanzia mwisho. Chombo cha sentimita 10 kikipita juu ya Morogoro kinasikika kwa dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Bila watu waliozoea kukinasa, itakuwa sherehe ya siku ya kurusha na ukimya baada ya hapo. Yule mwanafunzi ameanzia mahali sahihi, na wewe unaweza kumsaidia kuliko unavyodhani.

Kwa hapo ulipo, dishi linatazama juu kama digrii 74 kutoka upeo, upande wa magharibi ukivuta kaskazini, katikati ya 36 mashariki ya DStv na 7 mashariki ya Azam. Sauti ziko kwenye mawimbi ya wima, kati ya MHz 10489.5 na 10490, kwa hiyo LNB ya kawaida (kile kichwa kilicho mbele ya dishi) yenye oskileta ya MHz 9750 inazishusha hadi karibu MHz 740, ambayo kidude cha USB kinaisoma bila shida. Tatizo ni umeme. Hakuna king'amuzi cha kuilisha LNB, hivyo inahitajika njia ya kupeleka volti 12 hadi 14 juu ya kebo ile ile huku ikiuzuia umeme usirudi kwenye kompyuta. Usiposimamia hilo, kidude kinaungua kabla mwanafunzi hajasikia kitu. Tatizo la pili ni jua: LNB ya bei rahisi ikipata joto la saa sita, masafa yake yanasogea, na sauti ya mtu wa Brazili inapanda au kushuka hadi haieleweki. Kwa picha za Azam hukuwahi kuliona hilo, kwa sababu king'amuzi hujirekebisha chenyewe. Mtafutie LNB ya PLL, ambayo masafa yake hayasogei hovyo, na mwonyeshe ishara za alama, zinazorushwa mfululizo kwenye masafa yasiyobadilika, zilizo mwanzoni, katikati na mwishoni mwa transponda ile. Akizifuata hizo, atajua amesogea kiasi gani.

Akitaka kurusha, hapo ni habari nyingine. Ni kwenye MHz 2400, wati chache na dishi dogo vinatosha, lakini lazima awe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na jina la kituo, ambalo kwa Tanzania huanza na 5H. Mwambie pia asijaribu kuwazidi wengine kwa nguvu. Kituo cha uangalizi cha QO-100 kina mfumo uitwao LEILA: ukizidi kipimo, unapiga king'ora juu ya masafa yako, na kila aliye kwenye transponda anasikia kuwa ni wewe.

Na ukimpandia tena juu ya bati, mtoze bei yako ya kawaida. Marufuku ya biashara inahusu mawasiliano, haimhusu fundi.